Nimemkaripia mjukuu kwa ajili ya kiti cha inchi tatu

Kwako Shangazi,

Assalamu alaikum. Huenda wewe na mimi ni rika moja, kwa kuwa nina miaka 56, lakini nakuita Shangazi kama wanavyokuita wasomaji wengine, na naomba uipokee shikamoo yangu.

Mimi ni mkazi wa Tabora mjini, upande wa Isevya. Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa hapa hapa uani, chini ya mwembe, ambako kwa zaidi ya miaka 30 alitengeneza vitanda, makabati na milango, sehemu kubwa kwa mbao za mninga. Alifariki miezi kumi iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilikaa eda kama dini inavyoagiza, miezi minne na siku kumi, nikiwa na binti yangu mkubwa na mwanawe wa kiume, ambao walihamia kwangu ili nisibaki peke yangu.

Katika mwezi wa pili wa eda, vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwa marehemu walimalizia oda za wateja, wakafagia karakana na kuniletea jikoni gunia la mabaki ya mbao ili yawe kuni. Nilipotia mkono kuchukua cha kuwashia moto, nikatoa kipande chenye urefu wa kiganja, kimepigwa randa upande mmoja, na juu yake pameandikwa kwa penseli "18½". Ulikuwa mwandiko wake. Sikuweza kukitia motoni. Nililimwaga gunia zima sakafuni nikaanza kupitia kipande kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele, na kabla ya magharibi nilikuwa nimepanga vipande vinne vikapata sura ya kitanda. Kesho yake nilimtuma mjukuu dukani akaninunulie gundi ya mbao.

Tangu siku hiyo sijaacha. Nimetengeneza vyombo vidogo vidogo vya nyumba: kabati lenye vishikio vya vichwa vya pini, meza, viti, benchi la jikoni, na kitanda chenye godoro la sponji nililolishonea foronya ya vipande vya kitenge. Boksi la jokofu nimeligawa vyumba vitatu, na vyombo vyote vimepangwa humo. Watu hawamo, ni vyombo tu. Nikishika msasa kifua huachia, na mara nyingi ni wakati huo tu ninapoweza kumkumbuka mume wangu bila kulia. Eda ilipokwisha nilirudi sokoni kwenye biashara yangu ya mchele na karanga. Ninapika, ninaswali, ninahudhuria shughuli za watu, lakini usiku narudi kwenye vyombo vyangu, wakati mwingine hadi saa saba.

Sasa maneno yamekuwa mengi. Shemeji yangu anasema kuwa mtu mzima anayejipikilisha kama mtoto amerukwa na akili, na kwamba nyumba ndogo isiyo na watu ndani ni mambo ya kishirikina. Katika mazungumzo hayo hayo aliulizia randa na misumeno ya marehemu. Binti yangu hasemi kitu, ila huja akanizimia taa. Mwalimu mmoja wa chekechea aliyekuja kununua karanga nyumbani aliviona vyombo hivyo, akaniomba nimtengenezee seti kwa ajili ya darasa lake, kwa malipo. Nilimjibu kuwa nitafikiri, na ukweli ni kwamba wazo la kuviuza lilinichoma.

Lililonifanya niandike lilitokea wiki iliyopita. Mjukuu wangu, ambaye ana miaka 6, aliingia chumbani akiwa na kokwa la embe lililokauka, lenye nywele zake, ambalo alikuwa amelichora macho na mdomo. Akalikalisha kwenye kiti kimoja, chenye kimo cha inchi tatu, akalibonyeza ili likae vizuri, na mguu wa kiti ukakatika. Ulikatika kama biskuti, sawasawa, bila kuacha hata uzi. Nilimpigia kelele ambazo sijawahi kumpigia mtoto yeyote, nikamwambia, "Umemvunja babu yako." Tangu siku hiyo haingii chumbani kwangu, na akinipita hunyata.

Shangazi, niache? Na kama utaona ninaweza kuendelea, nieleze pia kwa nini vyombo vyangu havielewani, maana kitanda kimekuwa kama uwanja wa mpira ilhali kabati linalosimama pembeni yake halifiki hata kwenye ubao wa kichwani.

Mama wa Isevya, Tabora

Jibu la Shangazi

Wa alaikum salaam, dada yangu. Marahaba, ingawa kwa miaka uliyoitaja tungeweza kupeana mikono tu yakaisha. Nakupa pole kwa msiba ambao miezi kumi haijaufanya kuwa wa zamani.

Nitaanza na kile kiti, kwa kuwa ndicho kilichokuandikisha barua. Niliposoma kwamba mguu ulikatika kama biskuti bila kuacha uzi, nilikwenda kumsomea mstari huo fundi mmoja mzee ninayemfahamu, bila kumtajia wewe ni nani wala unaishi wapi. Hakutaka kusikia barua nzima. Aliokota chini ya benchi lake kipande cha ubao, kile kinachobaki fundi anaposawazisha kichwa cha ubao, akanionyesha kwa ncha ya penseli kwamba katika kipande cha namna hiyo nyuzi za mti hupita upande ule mfupi na si upande ule mrefu. Akakata njiti kwa kufuata urefu wa kipande, akaikunja kwa vidole viwili, ikasema ta! Kisha akachana nyingine ya unene ule ule kwa kufuata nyuzi, akanipa niivunje mwenyewe. Vidole viliniuma, njiti ikapinda, na ilipokubali hatimaye ilichanika kwa mshazari, ikabaki imeshikana kwa nyuzi nyuzi kama muwa uliotafunwa.

Mabaki mengi yanayofagiwa katika karakana ni ya vichwa vya mbao, na mtu ambaye hakufundishwa useremala huyakata kwa urefu anaouona kwa macho. Kwa hiyo mguu wa kiti chako ulikwisha kuvunjika siku ulipoukata; ulikuwa unamsubiri mtu wa kuukalia, na aliyefika wa kwanza akawa kokwa la embe.

Jambo hili mweleze mjukuu wako leo, kabla hujaendelea kusoma, na umweleze kwa maneno ambayo mtoto wa miaka 6 anaweza kwenda nayo kitandani: kwamba babu alikufa kwa ugonjwa, kwamba kiti kilivunjika kwa sababu bibi alikikata vibaya, na kwamba bibi alikosea kumpigia kelele. Usimwambie tu kwamba yameisha. Mtoto wa umri huo huyachukua maneno ya mkubwa kama yalivyo, na wewe ulimwambia amemvunja babu yake, jambo ambalo kwa namna anavyonyata ni dhahiri ameliamini. Namna ya kuyaondoa maneno yale ni kuyataja yenyewe na kusema kuwa hayakuwa kweli. Baada ya hapo mpe njiti mbili, moja ya kukata na moja ya kuchana, azivunje zote mbili kama fundi alivyonivunjisha mimi, kwa sababu vidole vyake vitaamini upesi kuliko masikio.

Sasa, kama unapaswa kuacha. Hapana, usiache, na nitakueleza kwa nini nalisema hili bila kusitasita. Majonzi hayana mwanzo wala mwisho ambao mtu anaweza kuushika, na mtu aliyekaa eda, ambaye mchana kwake umekuwa mrefu kuliko mchana mwingine wowote aliowahi kuuona, anahitaji kazi yenye mwanzo na mwisho. Mguu wa kiti unaanza na kwisha kabla ya adhana ya alasiri. Macho na vidole vikiwa vimeshughulika, akili inapata nafasi ya kumzunguka marehemu pole pole bila kumkodolea macho, na ndiyo maana unasema kwamba ukishika msasa unamkumbuka bila kulia. Nadhani hukukaa chini ukakusudia kujitibu, na pengine ndiyo sababu imekufaa.

Kuhusu shemeji yako, anayedhani kuwa mchezo na msiba haviwezi kukaa nyumba moja, mkumbushe watani. Katika mkoa wetu nani hajawahi kuwaona watani wakiingia matangani, mmoja amevaa koti la marehemu na mwingine anaiga mwendo wake na kikohozi chake, hadi mjane anacheka huku machozi yanamtoka? Hakuna aliyewahi kusema kuwa wale wamerukwa na akili. Na kama hoja yake ni umri, basi ajue kwamba nyumba za namna hii zilianzia kwa watu wazima, si kwa watoto. Pale Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum, inatunzwa nyumba ndogo ya wanasesere ya Petronella Oortman, mwanamke mwenye mali ambaye kuanzia mwaka 1686 hivi aliipamba kwa miaka mingi, na haikuwa ya kuchezewa na watoto. Suala la ushirikina silioni hata mahali pa kulianzia, kwa kuwa viti na meza ni viti na meza. Mimi si mwanazuoni, na ukiwa na wasiwasi muulize sheikh wako, lakini hata wanasesere wenyewe wanatajwa katika hadithi inayojulikana sana ya Bibi Aisha, aliyekuwa akiwachezea mbele ya Mtume.

Randa na misumeno ni habari nyingine. Hizo ni mali ya mirathi, na kama msimamizi wa mirathi hajateuliwa, mwende mahakama ya mwanzo mkaombe ateuliwe ili kila mrithi apate fungu lake kwa haki, wewe ukiwemo. Shemeji ana haki ya kuuliza juu ya randa. Juu ya maranda hana.

Binti yako ndiye ninayemsikiliza zaidi ya shemeji, kwa sababu yeye anazima taa na hasemi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linautambua ugonjwa wa majonzi yaliyopitiliza, yaani majonzi mazito yanayodumu zaidi ya miezi 6 na kumfanya mtu ashindwe kuendesha maisha yake ya kawaida. Miezi 6 wewe umeshaipita, lakini unauza karanga, unapika, unaswali na unakwenda kwenye shughuli za watu, kwa hiyo nusu ya pili ya maelezo hayo haikuhusu. Hata hivyo saa saba usiku si saa ya msasa. Iwapo ungelazwa kitandani saa nne usingepata usingizi, au iwapo chakula kinakushinda, au unajikuta ukitamani kumfuata marehemu, hilo lisisubiri barua nyingine kwangu. Nenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, ukamweleze daktari hivyo hivyo ulivyo. Iwapo ni kwamba kazi inanoga tu, basi mruhusu binti yako azime taa, na kazi uihamishie mchana, uani, chini ya mwembe.

Uani panakufaa kwa sababu nyingine pia. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua, na lile linalotoka kwenye msasa mlaini ni jembamba kiasi kwamba hulioni likielea chini ya taa ya chumbani unamolala. Jifunge kitambaa puani, ukae upepo ukitoka mgongoni kwako, na vumbi ulifute kwa kitambaa chenye maji badala ya kulipuliza. Gundi nyeupe ya mbao uliyonunua ndiyo hasa inayofaa. Usishawishike kutumia gundi ya mafundi viatu ndani ya chumba, kwa kuwa inalevya. Wakati gundi inakauka, bana viungo kwa vibanio vya nguo na uviache hadi kesho yake. Vanishi usiinunue. Mtu anayeishi Tabora, ambako nta ya nyuki inapatikana kwa wauza asali, hana sababu ya kupaka kitu kingine. Pasha nta kidogo kiganjani, isugue kwa kitambaa laini, na wekundu wa mninga utajitokeza wenyewe.

Tatizo la vyombo kutoelewana ndilo rahisi kuliko yote, na jibu lake ulilisikia kila siku mumeo alipokuwa akipatana na wateja. Seremala anapima kwa futi. Wewe chukua futi moja uifanye inchi moja. Hicho ni kipimo kinachotumiwa sana na watengenezaji wa vyombo hivi duniani, na ndicho kilichotumika katika nyumba ndogo ya wanasesere aliyojengewa Malkia Mary wa Uingereza kati ya mwaka 1921 na 1924, ambayo msanifu wake alikuwa Edwin Lutyens na ambayo ipo katika kasri la Windsor hadi leo. Kwa kipimo hicho kitanda cha nne kwa sita kinabaki kuitwa nne kwa sita, ila sasa ni inchi. Mlango wa futi saba unakuwa wa inchi saba. Meza ya kulia chakula, ambayo kwa kawaida husimama inchi 30 kutoka sakafuni, itasimama inchi mbili na nusu, na pa kukalia kwenye kiti, ambapo huwa inchi 18, patakuwa inchi moja na nusu. Nenda na rula ya shule kwenye kitanda chako mwenyewe, pima, gawanya kwa 12, na umwachie mjukuu kazi ya kusoma namba. Kiti chako cha inchi tatu, tukiacha habari ya mguu, kipimo chake kiko sawa kabisa. Aliyepotoka ni kitanda, na nakisia kuwa ulikitengeneza kwa kufuata urefu wa vipande vilivyokuwamo guniani, kwa kuwa siku hiyo hukuwa na moyo wa kukata chochote. Kiache kilivyo, utengeneze kingine.

Hapo ndipo ninapofikia ombi la mwalimu. Kilichokuchoma, kwa maoni yangu, ni kwamba ulifikiri anataka vile vilivyomo ndani ya boksi, na nyumba ile hukuijenga iuzwe, wala hukuijenga iguswe, ndiyo maana kokwa moja la embe lilitosha kukutoa katika tabia yako. Vya mwalimu vitakuwa vingine. Vifanye vikubwa kidogo na vinene, kwa sababu vitashikwa na watoto thelathini. Miguu yote uichane kwa kufuata nyuzi, kingo uziviringe kwa msasa, na vishikio vya vichwa vya pini usivitie kabisa, kwa kuwa mtoto atakitoa kimoja na kukimeza. Bei uihesabu kwa siku ulizofanya kazi, usiihesabu kwa mbao, maana mbao umezipata bure na mnunuzi ataligundua hilo mapema kuliko unavyodhani. Na kama mwezi huu hauko tayari, mwambie mwalimu arudi muhula ujao, chekechea haihami.

Kimebaki kipande chenye "18½". Hukuniuliza, lakini umekitaja kwanza, na nimegundua kuwa katika orodha ndefu ya vyombo ulivyotengeneza hakimo. Kimo cha pa kukalia kwenye kiti hukaribia inchi 18, kwa hiyo huenda marehemu alikuwa anapima mguu wa kiti cha mtu alipoyaandika yale. Usikipige msasa, wala usikipake nta juu ya penseli, kwa kuwa itayachafua maandishi. Ukitaka kiingie katika nyumba, kilaze sebuleni kama kilivyo, maandishi yakiangalia juu, kiwe benchi, na chini yake uweke vizuizi viwili vifupi ambavyo hata huna haja ya kuvigandisha. Benchi la namna hiyo halina mguu wa kukatika. Kisha mwite mjukuu wako aje na mtu wake wa kokwa, amkalishe.